Kuhakiki Riwaya: Ufanisi na Udhaifu wa Dune ya Frank Herbert

Mwanafunzi, kufikia hapa riwaya yenu teule umeisoma mara mbili au tatu, na huenda majibu ya maswali yake umekwisha kuyakariri. Ndiyo sababu ya kukutoa nje kidogo. Katika sehemu hii tunahakiki riwaya ambayo haitahiniwi na haikuandikwa kwa Kiswahili. Hutapata majibu ya mkato ya kunakili. Itakubidi uhukumu mwenyewe.

Riwaya hiyo ni Dune, ya Mmarekani Frank Herbert (1920–1986), iliyochapishwa mwaka wa 1965. Ni bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayobuni ulimwengu wa wakati ujao na kuuliza binadamu ataishi vipi humo. Ni utendi pia, ingawa imeandikwa kwa nathari: ina shujaa aliyetabiriwa, usaliti, uhamisho, vita, na hatima ya umati mzima kuning'inia juu ya mtu mmoja. Wachapishaji wengi waliikataa. Hatimaye ilichukuliwa na Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kufundisha watu kutengeneza magari. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo ya Hugo, pamoja na riwaya ya Roger Zelazny, na ikawa riwaya ya kwanza kabisa kupata tuzo ya Nebula.

Swali letu ni la kawaida: hakiki ufanisi na udhaifu wa riwaya hii. Wanafunzi wengi hulijibu kwa kuchora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja wanaorodhesha mazuri matano, upande wa pili mabaya matano, basi. Jibu la namna hiyo hupata alama chache kwa sababu halijahukumu chochote. Katika riwaya kubwa, mara nyingi kile kinachoipa nguvu ndicho hichohicho kinachoitia doa. Herbert alitaka kutuonya tusiwaabudu mashujaa, kisha akatubunia shujaa anayependeza mno. Je, onyo lilifika? Liweke swali hilo akilini tunapoendelea.

Muhtasari

Hadithi inatokea miaka elfu nyingi ijayo. Ulimwengu unatawaliwa na Mfalme Mkuu Shaddam wa Nne pamoja na koo za kitajiri zinazomiliki sayari. Kompyuta zimepigwa marufuku tangu zamani, na kazi yake inafanywa na watu waliofunzwa kufikiri kwa kasi ya ajabu. Kila kitu kinategemea kiungo kimoja, melange. Huongeza umri, hufungua akili, na bila hicho manahodha wa vyombo vya angani hawawezi kuona njia kati ya nyota. Kinapatikana katika sayari moja tu, Arrakis, ambayo ni jangwa tupu na imejaa minyoo wakubwa wa mchangani. Katika jangwa la ndani wako wanaozidi mita 400.

Duke Leto Atreides anapewa Arrakis badala ya maadui zake, ukoo wa Harkonnen. Zawadi hiyo ni mtego. Baron Harkonnen anashirikiana na Mfalme Mkuu kwa siri, na Duke anasalitiwa na kuuawa. Suria wake, Jessica, na mwanawe Paul, kijana wa miaka 15, wanatorokea jangwani. Huko wanapokewa na Wafremen, wenyeji wa jangwa. Paul anapewa jina la Muad'Dib, anakuwa kiongozi wao wa vita na wa dini, na mwishowe anamwangusha Mfalme Mkuu. Riwaya ina sehemu tatu, na mwishoni pana viambatisho pamoja na faharasa ndefu ya istilahi.

Mandhari na nguvu ya tone la maji

Ukiulizwa ni kipi Herbert alikifanya vizuri kuliko kingine chochote, jibu mandhari. Wala usiishie kusema kwamba mandhari ya jangwa yamechorwa vizuri. Uliza yanafanya kazi gani.

Mwaka wa 1957 Herbert alikwenda pwani ya jimbo la Oregon kuandika makala kuhusu vilima vya mchanga vilivyokuwa vikihamahama kwa nguvu za upepo na kufunika barabara na majengo. Serikali ya Marekani ilikuwa ikipanda nyasi ili kuvizuia. Makala hayo hayakuchapishwa, lakini utafiti ulimwingia damuni. Alielewa kwamba mchanga, upepo, mmea, mnyama na binadamu ni mnyororo mmoja, ukivuta pete moja zote zinatikisika. Arrakis imejengwa juu ya wazo hilo. Minyoo ndio asili ya melange, na maji ni sumu kwao. Kwa hiyo ndoto ya Wafremen ya kuifanya sayari iwe ya kijani kibichi ni ndoto inayoweza kuua kile kinachoifanya sayari hiyo iwe na thamani. Ni wanajangwa wenyewe wanaotaka mvua, na hatuwezi kuwalaumu. Msomaji aliyekulia Wajir au Turkana hahitaji kufafanuliwa hapa.

Sasa tazama jinsi mandhari yanavyozaa utamaduni. Wafremen huvaa vazi linalonasa jasho na pumzi ya mwili na kuvirudisha kama maji ya kunywa. Maji ya maiti ni mali ya kabila. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, anapokutana na Duke Leto mara ya kwanza anatema mate mezani mbele yake. Walinzi wanashtuka, maana kwao hilo ni tusi. Duncan Idaho, mtumishi wa Duke aliyekwisha kuishi na Wafremen, anawazuia upesi, anamshukuru mgeni, naye anatema pia. Mahali ambapo maji ni uhai, kumpa mtu mate yako ni kumpa sehemu ya uhai wako. Tukio hilo halimalizi hata ukurasa, na limetufundisha ikolojia, heshima na hatari ya kutoelewana kwa tamaduni bila mhubiri yeyote kusimama kutueleza.

Tukio la pili lina uzito zaidi. Paul anapambana kwa kisu na Jamis, Mfremen aliyemchokoza, na anamuua. Ndiye mtu wa kwanza kufa mkononi mwake. Katika mazishi, Paul analia. Wafremen wananong'onezana kwa mshangao na wanamgusa mashavu, kwa sababu hawajapata kuona mtu akimpa maiti maji yake. Chozi ambalo kwetu ni jambo la kawaida msibani, kwao ni sadaka isiyo na kifani. Hapo mandhari, mhusika na dhamira vimekutana katika tone moja. Ukitafuta mfano wa ufanisi wa riwaya hii, chukua huo kabla ya vita na milipuko.

Udhaifu uko wapi katika mandhari? Ni mlango. Sura ya kwanza inamrundikia msomaji majina na istilahi ambazo hajaelezwa, na faharasa iko mwishoni mwa kitabu chenye kurasa zaidi ya 400. Wasomaji wengi hukata tamaa hapo. Wako wanaosema huo ni ustadi, kwamba tunapotezwa kama Paul anavyopotezwa na sayari ngeni. Mimi nakubali nusu. Paul anayajua maneno ambayo sisi hatuyajui. Kwa hiyo hatupotei pamoja naye, tunapotea peke yetu.

Msuko: tunamjua msaliti mapema

Herbert anafanya jambo ambalo mwandishi wa hadithi za upelelezi angeliogopa. Katika sura ya pili tu, kabla familia ya Atreides haijaondoka kwao, tunaambiwa msaliti ni nani: Daktari Yueh, tabibu wa nyumba hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia hapo taharuki inahama. Hatuulizi tena "ni nani?" bali "lini?" na "hawaoni?". Duke anaandamwa na tetesi zilizopandwa na adui kwamba Jessica ndiye msaliti. Mshauri wake mkuu, Thufir Hawat, anaziamini, huku Yueh akipita vyumbani na mkoba wake wa dawa. Hii ni kinaya ya kiwango cha juu: msomaji anajua, mhusika hajui, na kila neno la upole la Yueh linauma. Isitoshe Yueh si shetani. Mkewe ametekwa na Harkonnen, na hata anaposaliti anaacha njia ya kuwaokoa Paul na mama yake.

Mbinu hiyohiyo inaonekana katika dondoo zinazofungua kila sura. Nyingi zimetolewa katika vitabu vya kubuni vya Binti Mfalme Irulan, anayemwandika Paul kama mtu wa historia. Tangu ukurasa wa kwanza tunajua kwamba Paul atakuwa mtu mkubwa. Tunachokosa ni shaka, tunachopata ni uzito: kila tendo la kijana huyu tunalisoma kama vile tayari limechongwa kwenye jiwe. Irulan mwenyewe anaonekana kama mhusika mwishoni tu, na hapo tunagundua kwamba mwandishi wa sifa zote zile alikuwa binti wa adui, aliyeolewa na Paul kwa sababu za kisiasa. Turudi basi kuzisoma zile dondoo upya. Historia ya shujaa imeandikwa na nani, na kwa maslahi ya nani?

Mpaka hapo ni ufanisi. Sehemu ya tatu, hata hivyo, inakimbia. Takriban miaka miwili inarukwa, na katika pengo hilo Paul amekuwa kiongozi wa wapiganaji, amepata mtoto na Chani, na wafuasi wamekwisha kumfanya mtakatifu. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote kitabuni, na mengi tunayasikia kama habari, hatuyaoni yakitokea. Mtoto huyo anauawa katika shambulio la askari wa Mfalme Mkuu, na kifo chake kinapewa mistari michache. Linganisha na kurasa alizopewa Jamis, mtu tuliyemjua kwa saa chache. Mtu anaweza kumtetea Herbert kwamba kasi hiyo inaonyesha jinsi vita vinavyomkausha Paul moyo. Utetezi huo una mantiki, lakini maandishi yenyewe hayampi msomaji nafasi ya kuuhisi.

Wahusika

Usimulizi ni wa nafsi ya tatu maizi, na msimulizi anaingia kichwani mwa yeyote amtakaye. Katika karamu ya Duke kule Arrakeen anaruka kutoka akili moja hadi nyingine katika mazungumzo yaleyale, na tunaona kila sentensi ya adabu ikificha kisu. Karamu hiyo ni raha kuisoma. Kwingineko mbinu hii inachosha, kwa sababu wahusika hujieleza kwa fikra kile ambacho matendo yao yameshatuonyesha.

Jessica ndiye mhusika aliyeumbwa vizuri zaidi, nami nadiriki kusema anamzidi Paul. Ni mwanachama wa Bene Gesserit, udugu wa wanawake waliofunzwa kuutawala mwili, sauti na akili zao. Kwa vizazi vingi wamepanga ndoa na uzazi wa koo kubwa ili wampate mtu wanayemtaka. Jessica aliamriwa azae binti. Akazaa mwana kwa sababu Duke alimtamani mwana. Riwaya yote inatokana na tendo hilo moja la mapenzi na ukaidi. Usiandike, basi, kwamba wanawake katika Dune ni dhaifu, utakuwa umepotoka. Hoja yenye nguvu ni kwamba uwezo wao karibu wote unapitia tumboni na kitandani: wanazaa, wanaolewa, wanashauri, na anayekaa kwenye kiti cha enzi ni mwanamume. Kitabu kinamalizikia kwa mazungumzo kuhusu nani ataitwa mke na nani suria. Herbert aliliona tatizo hilo. Kama alilipinga au alilikubali tu, hapo wahakiki hawakubaliani, nawe una uhuru wa kuchagua upande mradi utoe ithibati.

Baron Harkonnen ni udhaifu usio na mjadala mrefu. Ni mwerevu, na mipango yake inavutia, lakini uovu wake umebandikwa mwilini. Ni mnene kiasi cha kubebwa na mitambo, na mwandishi anautumia unene huo tena na tena kama ushahidi wa tamaa. Mwandishi aliyetupa msaliti wa kuonewa huruma kama Yueh angeweza kutupa adui bora kuliko huyo.

Maneno ambayo wewe unayatambua

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Herbert aliazima maneno mengi ya Kiarabu kuyaunda maisha ya Wafremen, na Kiswahili kimeazima kutoka kisima hichohicho. Stilgar ni Naib, yaani kiongozi; nasi tuna naibu. Paul anaitwa Usul kwa jina la siri, nasi tuna usuli, asili ya kitu. Wafremen wanamngoja Lisan al-Gaib: lisani ni ulimi, na ghaibu unaijua. Muad'Dib ni panya mdogo wa jangwani anayejua kuishi bila maji, lakini Stilgar anaeleza pia kwamba jina hilo lina maana ya mfunzi wa vijana. Lisikilize vizuri, utasikia adabu ndani yake.

Uteuzi huu wa majina ni ufanisi. Maneno yana umri, yananukia historia, na yanadokeza kwamba dini za leo zimesafiri na binadamu hadi kwenye nyota zikachanganyika njiani. Herbert pia alikuwa amesoma kitabu cha Lesley Blanch cha 1960 kuhusu vita vya Imamu Shamil dhidi ya Warusi katika milima ya Kaukazi, na athari yake ni wazi katika istilahi na katika taswira ya wapiganaji wa Kifremen. Tena melange, kitu cha thamani kutoka jangwani ambacho usafiri wote unakitegemea, iliandikwa miaka michache baada ya nchi zenye mafuta kuunda OPEC mjini Baghdad mwaka wa 1960. Wasomaji wengi wameyaona mafuta humo.

Lakini tazama neno jihadi. Riwayani lina maana moja tu, vita vya moto na damu vinavyoenea ulimwenguni. Kiswahili kinajua zaidi, kwa sababu kutoka mzizi uleule kimepata juhudi na jitihada. Mwandishi amechukua kipande cha neno na kuacha kingine, na kipande alichochukua ndicho kinachowatisha wasomaji wake wa Magharibi. Ndiyo hatari ya kuazima vazi la watu bila kuwaalika wenyewe: Waarabu na Waislamu wamejaa katika msamiati wa Dune, ila kama watu wenye sauti yao wenyewe hawamo.

Shujaa ambaye mwandishi wake anamwogopa

Turudi kwenye swali tulilolibeba tangu mwanzo. Umefundishwa sifa za shujaa wa utendi katika fasihi simulizi: nguvu zisizo za kawaida, uzalendo, usaliti, na udhaifu fulani unaomwangusha. Fumo Liyongo anakufa kwa sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Paul naye ana udhaifu, ila hauko mwilini. Uko kwa wafuasi wake. Anaona mbele, na anachokiona ni majeshi yanayoua kwa jina lake chini ya bendera ya babake. Anajaribu kulikwepa jambo hilo, na kila hatua anayopiga ili aishi inamsogeza karibu nalo. Kabla ya pambano la mwisho anaelewa kwamba hata akifa vita vitaendelea, kwa sababu watu hawamhitaji tena yeye. Wana hadithi yake. Kuna wakati anamtazama Stilgar, mtu aliyekuwa sawa naye, na anaona kwamba rafiki huyo amegeuka mwabudu. Ni sentensi chache tu, na ndizo zenye huzuni kubwa kuliko zote katika sehemu ya tatu.

Herbert hakuacha onyo lifichike kabisa. Liet-Kynes, mwanasayansi aliyewaongoza Wafremen katika mradi wao wa kupanda miti, anapokaribia kufa anaisikia sauti ya marehemu babake ikimwambia kwamba hakuna janga litakalowapata watu wake baya kuliko kuangukia mikononi mwa shujaa. Zaidi ya hayo, unabii wenyewe ni wa kupandwa. Bene Gesserit wana desturi ya kutuma watu katika sayari za mbali kupandikiza hekaya, ili siku mwanachama wao akikwama huko azitumie kujiokoa. Mfremen Mapes anapomjaribu Jessica kwa kisu kitakatifu, Jessica anabahatisha neno, na Mapes anaona ishara imetimia. Wafremen walikuwa wakimngoja mkombozi kwa karne nyingi. Hawakujua kwamba kungoja kwenyewe waliletewa na wageni. Kwa mwanafunzi wa Kenya, ambaye katika somo la historia amejifunza jinsi wageni walivyokuja na vitabu mkono mmoja na mikataba mkono wa pili, sehemu hii ina makali yake.

Na bado. Paul mgeni anawasili jangwani, na katika muda mfupi amekuwa Mfremen kuliko Wafremen, anampanda mnyoo mkubwa kuliko waliopandwa na wengine, na anawapa ushindi ambao hawakuupata wenyewe. Hata mradi wa kuigeuza sayari ulianzishwa na Pardot Kynes, babake Liet, aliyetumwa na Mfalme Mkuu. Mara mbili watu hawa wanangoja mtu wa nje awaambie la kufanya na nchi yao. Halafu ushindi unasimuliwa kwa ladha tamu mno: Baron anakufa, Mfalme anaangushwa, kijana aliyenyang'anywa anarudishiwa zaidi ya alichonyang'anywa. Na wale watakaouawa na vita vya Paul hawamo kitabuni. Ni maono tu. Msomaji hajamwona hata mmoja wao uso.

Idadi yao tunaipata katika Dune Messiah, iliyotoka 1969, ambapo Paul mwenyewe anataja waliouawa kuwa bilioni 61. Herbert alieleza kwamba sehemu za vitabu vilivyofuata alikuwa ameziandika kabla hajamaliza hiki cha kwanza. Kwa hiyo hakubadili nia, alikuwa na mpango. Lakini riwaya huhukumiwa kwa kilichomo ndani ya jalada lake. Uamuzi wangu ni kwamba Dune inaonya kwa akili na kushawishi kwa moyo, na moyo unashinda. Anayesoma polepole atalisikia onyo. Anayesoma kwa kasi, na utendi hutufanya tusome kwa kasi, atamaliza akimshangilia Paul. Unaweza kunipinga: waweza kusema kwamba kumfanya msomaji ashangilie, kisha ashtukie anachokishangilia, ndiyo mbinu yenyewe. Ukisema hivyo, nionyeshe ni ukurasa gani wa riwaya hii unaokushtua baada ya ushindi.

Aya ya mfano

Tazama jinsi hoja moja inavyoweza kubeba pande zote mbili:

"Dondoo za Irulan zinaipa riwaya uzito wa kihistoria kwa kumwonyesha Paul kama mtu ambaye tayari ameandikwa vitabuni. Hata hivyo, zinapunguza taharuki, kwa sababu msomaji anajua kwamba Paul hatauawa na Jamis wala kupotelea jangwani. Hasara hiyo inafidiwa mwishoni, inapobainika kuwa Irulan ni binti wa adui aliyeolewa kisiasa, na hivyo sifa alizoziandika zinatiliwa shaka."

Kuna dai, mfano, pingamizi na hukumu. Mtahini hana budi kutuza.

Tahadhari kuhusu filamu

Huenda umetazama filamu za Denis Villeneuve za 2021 na 2024. Ni nzuri, lakini usizitolee ushahidi katika insha kuhusu riwaya. Katika filamu, Liet-Kynes ni mwanamke. Kitabuni ni mwanamume na ndiye babake Chani. Katika filamu ya pili Chani anamkataa Paul na kuondoka. Kitabuni anabaki naye. Badiliko hilo la mwisho linastahili kutafakariwa. Inaelekea mwongozaji naye aliona kwamba onyo la Herbert halisikiki vya kutosha, akampa Chani kazi ya kulisema.

Maswali

1. "Jangwa la Arrakis ni mhusika wala si mandhari tu." Jadili ukirejelea matukio mawili kutoka riwayani. (alama 10)

2. Eleza jinsi kufichuliwa mapema kwa usaliti wa Yueh kunavyojenga kinaya na taharuki. (alama 6)

3. Linganisha kifo cha Jamis na kifo cha mtoto wa Paul. Tofauti ya usimulizi wake ni ufanisi au ni udhaifu? Tetea msimamo wako. (alama 8)

4. Katika riwaya yenu teule, chagua mhusika mmoja ambaye mwandishi anamkosoa lakini msomaji anampenda. Onyesha ni mbinu zipi zinazosababisha hali hiyo. (alama 10) Kidokezo: usianze na sifa za mhusika. Anza na nani anayetusimulia habari zake, na ni nani aliyeumizwa naye lakini hapewi nafasi ya kusema.